Hema la Watu Wawili

Alhamisi jioni, saa kumi na moja na dakika chache, mkuu wa zamu alichungulia dirishani mwa gari la wagonjwa na kumwambia dereva, "Nenda nyumbani. Siku tatu. Usirudi kabla ya Jumatatu, na usinipigie simu kuniuliza kama nimekosea."

Dereva alidhani ni utani. Alikuwa na miaka kumi na minne nyuma ya usukani ule, na likizo zake zote zilikuwa za karatasini. Anaomba, anapewa, kisha mwenzake anaugua na yeye anaitwa. Kazini walimwita Kiraka, kwa sababu kila pengo la ratiba lilizibwa kwa jina lake. Mkewe, msusi mwenye ulimi mwepesi, alizoea kuwaambia wateja wake, "Mimi nimeolewa na king'ora. Huyu mnayemwona ni mlinzi wake tu."

Kabla hata hajafika getini, Kiraka alishampigia simu binti yake.

"Bado unataka kwenda?"

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Jumatatu alikuwa anaondoka kwenda chuoni, mji wa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Tangu akiwa darasa la saba baba yake alikuwa amemwahidi kwamba watapanda mlima wa hifadhini, wao wawili, mabegi mgongoni, walale kwenye hema. Kila mwaka ahadi ile ililiwa na zamu.

"Baba, usinichezee."

"Nakuuliza kweli."

"Lini?"

"Kesho asubuhi."

Alipofika nyumbani alikuta sebule imegeuka ghala. Viatu vya mlimani, tochi mbili, jiko dogo la gesi, kamba, na hema la watu wawili waliloazima kwa shemeji. Mkewe alikuwa kwenye kochi, binti kakaa chini katikati ya magoti yake, anasukwa mistari minane ya kulala nyuma ili nywele zisimsumbue njiani.

"Na wanyama je?" mama akauliza.

"Wakimsikia baba anavyokoroma, watahama wao," binti akajibu, macho yakiwa kwenye simu.

Shida ilikuwa nafasi. Hifadhi ile ilipendwa na kila mtu. Picha za vilele vyake zilining'inia kwenye kalenda za nusu ya ofisi za mji, na kambi zake zilijaa miezi mingi kabla. Binti alipitia orodha, kidole kikishuka na uso ukishuka nacho. Ya kwanza imejaa. Ya pili imejaa. Ya tano, imejaa mpaka mwaka ujao.

Halafu akashtuka, mpaka kitana kikamkwaruza.

"Kambi ya saba! Imefunguka sasa hivi, mbele ya macho yangu. Hema moja, watu wawili. Lakini tukathibitishe ofisini leo leo. Wanafunga saa kumi na mbili na nusu!"

Walikimbia. Mstari wa mwisho wa nywele ulibaki nusu.

Karani wa hifadhi alikuwa anafunga droo. Mtu wa makamo, miwani kaifunga kwa uzi shingoni. Alitazama kompyuta, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akatazama tena.

"Kambi ya saba huwa haifunguki," akasema.

"Imefunguka," binti akamwonyesha simu.

"Naona."

Akanyanyua simu ya mezani, akapiga namba bila kuitafuta popote. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hakuna aliyepokea. Akawatazama wote wawili kwa muda, kama mtu anayetafuta namna ya kusema jambo, kisha akachapa kibali.

Kiraka alipokipokea, karani hakukiachia.

"Kaka," akanong'ona, "hema lenu ni la watu wangapi?"

"Wawili."

"Basi walale wawili."

"Si ndivyo ilivyo? Au kuna wanyama?"

"Wanyama hawapigi hodi," karani akasema. Akazima taa.

*

Ijumaa ilianza vizuri kuliko walivyotarajia. Kambi za chini zilijaa watu, soksi zimeanikwa kwenye kamba, vijana wanacheka, mtu mmoja anapigana na hema lililogoma kusimama. Baba na binti walizipita moja moja. Kiraka alikuwa anahema kama gari bovu linalopanda mlima, na binti hakumwonea huruma.

"Wewe ndiye unayebeba wagonjwa?"

"Ninawaendesha. Sikusema ninawabeba."

Juu kidogo ya kambi ya sita walipumzika. Binti akanywa maji, akafuta mdomo, akasema bila kumtazama, "Nilijua hutakuja. Nilishakusamehe mapema ili nisije nikaumia."

Kiraka alimvuta begi kidogo kwa nyuma, kama alivyokuwa akimvuta kibegi cha shule, wakaendelea kupanda.

Kambi ya saba ilikuwa mwendo wa saa nzima juu ya nyingine zote, peke yake, katikati ya mawe makubwa. Paliwekwa bomba la maji, choo cha mbao, na jiko la mawe matatu. Kiraka akaona jambo dogo, akalinyamazia. Kambi ambayo haikosi wageni mwaka mzima... lakini katikati ya mawe ya jiko nyasi zilikuwa zimeota mpaka magotini.

Jua lilipozama ukungu ulishuka, na nyuma yake mvua. Walipika tambi ndani ya mlango wa hema, wakacheka, wakala sufuriani. Hata saa mbili haijafika, giza lilikuwa zito.

Ndipo ikaja harufu.

Harufu ya nguo zilizolowekwa kwenye ndoo zikasahauliwa siku nyingi.

Kisha hatua. Moja... mbili... kimya. Moja... mbili... kimya. Kama mtu anayetembea huku akisikiliza.

"Hodi..."

Kiraka akafungua zipu nusu, akamulika. Alikuwa msichana. Umri wa binti yake, pengine zaidi kidogo. Koti jembamba la bluu limemgandia mwilini, hana begi, hana tochi, nywele zimemwagika usoni zinachuruzika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mwanangu, unatoka wapi na mvua yote hii?"

"Wenzangu wameshalala." Sauti yake ilikuwa ndogo, ya adabu. "Mna nafasi?"

Maneno ya karani yakamjia. Lakini macho yake yalikuwa yameshaanza kazi yao ya siku zote. Midomo imebadilika rangi. Vidole vyeupe. Na jambo lililomtisha zaidi, msichana hakuwa anatetemeka. Kiraka alijua kwamba mtu wa baridi anayetetemeka bado anapigana. Aliyeacha kutetemeka ana dakika za kuhesabu. Katika miaka kumi na minne alikuwa hajawahi kumfungia mtu wa namna ile mlango.

"Karibu," akasema. "Nafasi haikosekani."

"Ipo?"

"Ipo, mwanangu. Ingia."

Msichana akatabasamu. Akainama, akaingia.

Binti akajisogeza. Akampa sweta lake, akamwekea chai. Mgeni alikishika kikombe kwa mikono yote miwili, hakunywa. Mvuke wa chai ukakatika papo hapo, kama mshumaa uliopulizwa. Kiraka akauliza wenzake wako kambi gani. Akajibu, "Hapa hapa." Akauliza tena. Msichana akasema amechoka, atalala pembeni kabisa, hatawasumbua.

Kiraka aliamua kukaa macho amwangalie. Alikuwa mzoefu wa kukesha. Lakini usingizi ulimpiga kama rungu.

*

Alipozinduka, saa yake ilionyesha hata saa nne haijatimia. Mvua ilikuwa imekatika. Giza lilikuwa zito, na ile harufu ilikuwa karibu, karibu mno, kama imelala kwenye mto wake.

Akafanya alichozoea kufanya nyuma ya gari kila anapokabidhiwa mgonjwa. Akazuia pumzi yake na kuhesabu za wengine.

Zilitakiwa ziwe mbili.

Ilikuwa moja.

Akanyoosha mkono gizani. Mfuko wa kulalia wa binti yake ulikuwa umejaa, umefungwa mpaka juu, aliyemo kaupa mgongo. Moyo wa Kiraka ukatulia. Kumbe mgeni ndiye kaondoka. Akampapasa begani.

Mfuko ulikuwa umelowa chapachapa.

Akapandisha mkono kichwani, akitafuta ile mistari minane. Vidole vyake vikazama kwenye nywele zilizofumuka, ndefu, zenye maji na mchanga.

Si yeye.

Na yule aliyelala, bila kugeuka, bila kuvuta pumzi yoyote, akasema kwa sauti ya binti yake, "Baba, mbona unanifunua?"

Kiraka hakukumbuka baadaye alivyotoka. Alikumbuka tu zipu ilivyokwama. Pumzi ile moja aliyoihesabu ilikuwa ikitokea nje ya hema.

Binti alikuwa amekaa kwenye nyasi katikati ya mawe matatu, amekumbatia magoti. Amevaa koti jembamba la bluu. Macho wazi, hayapepesi. Baba akamgusa shingo. Mapigo yalikuwepo, ya polepole, ya mbali.

"Unafanya nini huku? Mwanangu! Nani kakutoa?"

"Nimempisha," binti akanong'ona. "Alisema hema ni la watu wawili."

Kiraka alimvua lile koti akalitupa, akamfunika kwa lake, akambeba mgongoni. Tochi mdomoni, mikono nyuma, akashika njia ya kushuka. Hakugeuka. Lakini alisikia.

Nyuma yake, taratibu, zipu ya hema ikafungwa. Kutokea ndani.

*

Kambi ya sita waliwapokea kwa maji ya moto na mablanketi. Asubuhi askari wawili wa hifadhi walipanda juu. Walirudi na mizigo yote, na hema limekunjwa. Walisema walilikuta limefungwa vizuri. Ndani mifuko miwili ya kulalia, mmoja mkavu, mwingine unachuruzika. Mtu hakuwemo. Koti la bluu hawakuliona popote.

Hospitalini walimpima binti wakasema mzima. Yeye mwenyewe alisema hakumbuki chochote baada ya kumpa mgeni sweta. Jumatatu akapanda basi na masanduku yake. Kiraka alimpungia mkono mpaka basi likapotea, akajiambia kwamba limepita.

Siku ya tisa, msichana anayelala chumba kimoja na binti yake chuoni alipiga simu. Alianza kwa salamu ndefu, kama mtu anayeogopa kufika kwenye neno lenyewe.

"Baba, samahani. Nilitaka kuuliza kama binti yako huwa analala chini."

"Chini wapi?"

"Sakafuni. Mlangoni. Nikimwambia apande kitandani anasema pana mtu." Akashusha sauti. "Mwanzoni nilicheka. Lakini asubuhi nikitandika... baba, kile kitanda kinalowa."

Kiraka alimpigia simu mkuu wa zamu, akamwambia safari hii kiraka kimechanika, wamtafute mwingine. Kisha akaenda moja kwa moja kwa karani wa hifadhi. Hakusalimia.

"Ile namba uliyopiga siku ile. Ya nani?"

Karani hakubisha. Aliandika jina la hospitali na namba ya wodi kwenye kipande cha karatasi. "Miaka minne," akasema chini chini, "kila Alhamisi jioni mama mmoja anathibitisha kambi ya saba. Hendi. Hampeleki mtu. Anaishika tu, isilaliwe. Wiki yenu alianguka bafuni. Mimi nilifikiri... wawili, na hema la wawili... nilifikiri huyo anayebisha mtamnyima nafasi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniamini?"

Mama mwenyewe alikuwa kitanda cha dirishani, nyonga imefungwa, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Kiraka akavuta kiti. Alipotaja kambi ya saba, mama akafumba macho.

Wasichana watatu, akasema. Walikuwa marafiki tangu shule ya msingi. Safari ilipangwa siku moja tu kabla, hema likaazimwa, kumbe ni la watu wawili. Mvua iliponyesha, wenzake walimwambia binti yake ajibanze nje chini ya turubai, watapokezana. Wakapitiwa na usingizi. Asubuhi turubai lipo, yeye hayupo. Walitafuta wiki tatu.

"Wageni wa kwanza waliolala pale baada yake walisema mtu alibisha hodi usiku. Hawakumfungulia. Wakasema alilia mpaka kulipokucha." Mama akavuta shuka kifuani. "Wa pili wakasema hivyo hivyo. Mimi ni mzazi. Ningewaacha watu waendelee kumnyima mwanangu kila siku?"

"Mimi nilimwambia karibu."

Mama akafumbua macho. Akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Ulimpa nafasi?"

"Ndiyo."

"Ya nani?"

Kiraka akatazama sakafu. Mama akaelewa, mkono wake ukaenda mdomoni. Lakini juu ya ule mkono Kiraka aliona jambo ambalo halikumtoka akilini tena. Macho ya mama yalikuwa yanang'aa kwa furaha.

"Nisamehe, mwanangu," akasema, machozi yakishuka. "Nisamehe sana. Lakini mwambie... mwambie ajifunike."

*

Kiraka alimfuata binti chuoni akamrudisha nyumbani. Usiku wa kwanza walimlaza kitandani kwake. Baada ya muda mfupi walimkuta mlangoni kwenye sakafu, magoti kifuani, na godoro lake limebonyea katikati, limelowa. Usiku wa pili hivyo hivyo. Mikono ya binti ilikuwa inazidi kuwa ya baridi, na alikuwa ameacha kutetemeka.

Asubuhi ya tatu mkewe Kiraka alifunga saluni. Alikuwa amenyamaza siku mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ndoa yao.

"Anachotafuta ni kitanda?" akauliza.

"Nadhani ni nafasi."

"Basi vitanda vipo dukani."

Jioni walikiingiza, kidogo, cha mbao, wakakiweka upande wa pili wa chumba. Mkewe akatandika shuka mpya, blanketi zito na mto. Kisha akasimama katikati ya chumba kitupu, mkono kiunoni, kama anayemsema mteja aliyechelewa.

"Wewe mtoto," akasema, na sauti yake ikatetemeka kidogo tu. "Hiki ni chako. Hakuna atakayekutoa. Lakini kile pale ni cha mwanangu, na usikiguse tena. Tumeelewana?"

Hakuna kilichojibu. Kitanda kipya tu kikalia... kama vinavyolia vya mbao mtu anapokaa.

Usiku ule binti alilala kitandani kwake mpaka asubuhi. Mwisho wa wiki mikono yake ilikuwa na joto. Mwezi uliofuata alirudi chuoni, na mwenzake wa chumbani hakupiga simu tena.

Kitanda kile kimebaki. Kila asubuhi mke wa Kiraka huingia, hutandua shuka zilizolowa, huanika, hutandika nyingine. Anazungumza humo ndani. Kiraka humsikia akiwa anavaa sare. Hamuulizi anazungumza na nani. Mara moja tu alimsikia akisema "mwanangu," na binti yao hakuwepo.

Jumanne ya juzi muuguzi wa ile wodi alimpigia Kiraka simu. Yule mama wa nyonga alikuwa amefariki usiku, usingizini. Hakuwa na ndugu. Kwenye fomu yake, mahali pa jamaa wa karibu, alikuwa ameandika namba ya Kiraka.

Jumatano asubuhi mkewe aliingia kutandua kama kawaida. Akakawia. Kiraka akamfuata, soksi moja mkononi.

Shuka zilikuwa zimelowa pembe hadi pembe. Na godoro lilikuwa limebonyea mara mbili. Mbonyeo mdogo ubavuni, na mwingine, mrefu zaidi, umeukumbatia kwa nyuma.

Wakasimama mlangoni. Kiraka akajikuta amezuia pumzi, anahesabu. Ya mkewe, moja.

Tu.

Mkewe akakung'uta mikono yake kwenye kanga, akaenda kabatini, akatoa mto wa pili.